Upande wa Pili wa Santuri

Limeingia katika lugha yetu neno moja ambalo sote twalitumia bila kulichungua, nalo ni "zilipendwa". Redioni kuna vipindi vya zilipendwa, harusini hupigwa zilipendwa, na siku ya mahafali mwalimu anayetaka kuwachangamsha wazazi huomba zipigwe zilipendwa mbili tatu. Mwanafunzi wa sarufi ataiona mara moja kasoro iliyomo. Kiambishi -li- ni cha wakati uliopita, na kitu kilichopendwa ni kitu ambacho mapenzi yake yamekwisha. Mashairi ya Muyaka hatuyaiti "yalisomwa", bali twayasoma hadi leo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini hakuna mwalimu asemaye darasani kwamba mshairi huyo "aliheshimiwa". Kwa nini basi nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, za Salum Abdallah na za Tabora Jazz tumezipa jina la marehemu?

Katika makala haya twadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba rekodi za bendi zetu za jazi, hasa zile zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na ya 1970, ni hazina ya utamaduni wa taifa sawa na vitabu, nazo zastahili kusikilizwa kwa makini yale yale tunayoyatumia kusoma ushairi. La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa latugusa sisi wenyewe: wahakiki na walimu tumezisikiliza rekodi hizo nusu tu. Tumeyasikiliza maneno, na muziki tumeuacha upite.

Twasema hivyo kwa kuwa tulifanya kosa hilo hadharani. Miaka michache iliyopita tuliketi katika meza ya waamuzi wa mashindano ya muziki baina ya shule. Vijana wanne walipanda jukwaani na magitaa matatu na tumba. Waliimba beti mbili fupi, zenye maneno ya kawaida kabisa, kisha wakanyamaza, wakapiga ala kwa muda mrefu. Sisi, kwa mazoea ya mtu aliyezeeka akihesabu mizani na vina, tukaandika katika karatasi ya alama: "Wimbo hauna ujumbe." Vijana wale wakashika nafasi ya mwisho. Tulirudi nyumbani tukiamini kwamba tumeutetea utamaduni.

Aliyetufungua masikio alikuwa mzee mmoja wa Litapunga. Litapunga ni kata katika Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi, na tulifika huko kwa shughuli za kazi, tukakaribishwa kulala kwake. Mzee huyo ana gramafoni ya zamani anayoiendesha kwa umeme wa jua, na santuri chache anazozitunza katika sanduku la bati. Baada ya chakula alitoa moja ya Tabora Jazz, ambayo karatasi yake ya katikati imefutika kwa kushikwashikwa, hata jina la wimbo halisomeki. Akaiweka. Tulishangaa kusikia kwamba wimbo ulianzia katikati, magitaa yakiwa yamekwisha pamba moto na mwimbaji hayupo. Tulimwambia kwa heshima kwamba amekosea upande. Alijibu kwamba hakukosea. Upande wa kwanza, alisema, waimbaji huzungumza na watu. Upande wa pili wapigaji huzungumza wao kwa wao, na yeye hupenda kuyasikia mazungumzo hayo kwanza.

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulifafanua hapa. Lakini kabla ya hapo yafaa tulieleze neno lenyewe "jazi", maana limezua mabishano mengi.

Kwa maana yake ya asili, jazi ni muziki uliochipuka katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa watu weusi ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika. Huku kwetu jina lilitangulia, muziki wenyewe ukafuata kwa mbali. Dar es Salaam Jazz Band ilianza katika miaka ya 1930, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Kwa waasisi wa bendi hizo neno hilo lilikuwa na maana ya kikundi cha kisasa cha wapiga ala, chenye kupiga muziki wa dansi. Kilichopigwa zaidi kilikuwa rumba ya Kuba, iliyotufikia kwa santuri zenye alama ya GV, ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933 kwa masoko ya Afrika. Ndiyo sababu Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, wala hakuona haya.

Wako wasemao kwamba muziki wa namna hiyo si wetu, na hukumbusha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ni kweli kwamba siku hiyo Mwalimu alisikitika kuona wengi wetu twajua kucheza rumba na chachacha ilhali hatuzijui ngoma za wazee wetu. Lakini wasemao hivyo husahau sehemu ya pili ya hoja yake: alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa utamaduni wa wengine limepungukiwa na akili. Nasi twaongeza kwamba rumba ya Kuba na jazi ya New Orleans ni watoto wawili wa mama mmoja, na mama huyo ni Afrika. Bendi zetu zilipoipokea rumba zilikuwa zinampokea jamaa aliyepotea, aliyerudi akiwa na nguo za ugenini na lafudhi nyingine. Wala hazikumwacha na lafudhi hiyo. Kila bendi ilijitafutia mtindo wake na kuupa jina: Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, NUTA Jazz na Msondo.

Katika habari hii watu wa magharibi ya nchi wana sehemu yao, nayo haitajwi vya kutosha katika shule zetu. Western Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ilichukua jina lake kutoka Jimbo la Magharibi, walikotoka waanzilishi wake. Na Mpanda wakati huo ilikuwa ndani ya jimbo hilo. Huko Tanga, Jamhuri Jazz kabla ya kupata jina hilo iliitwa Young Nyamwezi. Tabora yenyewe ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ambayo baadaye ilipata sauti ya Shem Karenga. Kutoka Tabora kuna njia ya reli hadi Kaliua, na kutoka Kaliua kuna tawi lililofika Mpanda mwaka 1950, likajengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa zamani, lakini reli ilibaki. Kwa hiyo mwanafunzi wa Katavi anaposikiliza Tabora Jazz, anasikiliza muziki wa mji ambao reli ya kwao inaelekea.

Sasa turudi kwenye upande wa pili wa santuri. Santuri za kale zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilichukua kiasi cha dakika 3 tu kwa kila upande, na hizi ndogo za mizunguko 45 zilizofuata hazikuzidi hapo sana. Ukumbini wimbo mmoja wa dansi uliweza kupigwa dakika 10 na zaidi, maana wachezaji hawakuwa na haraka. Watengenezaji wa santuri walitatua tatizo hilo kwa kuukata wimbo vipande viwili: upande mmoja ukaandikwa sehemu ya 1, na wa pili sehemu ya 2. Mara nyingi mkato huo uliangukia mahali ambapo wimbo wenyewe umegawanyika. Sehemu ya 1 ilibeba beti, zikiimbwa taratibu ili hadithi isikike. Sehemu ya 2 ilibeba kile ambacho wanamuziki wetu wanakiita chemko: mwendo unaongezeka, mwimbaji anapunguza maneno au anaacha kabisa, kiitikio kinarudiwarudiwa, na magitaa yanashika hatamu.

Msikilizaji wa maneno huona kwamba wimbo umekwisha pale chemko linapoanza. Kwa kweli ndipo unapoanza kufikiri. Mchukue mpiga gitaa la solo. Hutoa tungo fupi ya noti tano au sita. Huirudia kama ilivyo, ili tuizoee. Mara ya tatu huibadilisha mwisho wake kidogo, na masikio yetu, yaliyokwisha kuzoea, hushtuka. Wakati huo huo gitaa la ridhimu linajaza mapengo anayoyaacha, gitaa la besi linakwenda njia yake na kumkumbusha alikotoka, na tumba zinawaambia wote wasikimbie. Saksafoni au tarumbeta zikiingia, huingia kwa pamoja kama wazee wanaokubaliana na hoja. Hakuna ala inayosema yote. Ukiitoa moja na kuisikiliza peke yake, utadhani haina maana. Ukiirudisha mahali pake, maana inaonekana.

Mshairi yeyote ataitambua kazi hii. Ni ile ile ya kibwagizo kinachorudi kila ubeti, na kila kikirudi kinakuwa na uzito mpya kwa sababu ya mistari iliyokitangulia. Na mtu aliyekulia kijijini ataitambua mapema zaidi, maana ngoma zetu nyingi zimejengwa kwa wito na jibu: mmoja anaanzisha, wengi wanaitikia. Tumefundishwa kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui. Katika chemko fani yenyewe ndiyo maudhui. Watu watano wanaojenga kitu kimoja bila kusukumana, kila mmoja akijua lini aseme na lini anyamaze, wanatuambia juu ya jamii jambo ambalo beti mia za mawaidha haziwezi kutuambia vizuri zaidi.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mwaka 1970, Morogoro Jazz walipokwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya Expo 70. Kiswahili cha nyimbo zao kilikuwa fumbo kwa umati wa Osaka. Kilichobaki kueleweka kilikuwa sauti, magitaa na mwendo. Taifa liliwatuma wasanii hao likijua kwamba muziki wao waweza kusimama bila mkalimani. Sisi tuliobaki nyumbani tukaendelea kuuhesabia maneno.

Mbaraka Mwinshehe mwenyewe, aliyekuwa nguzo ya bendi hiyo hadi alipoondoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, ni mfano bora kwa darasa. Yeye aliimba na yeye alipiga gitaa la solo. Sikilizeni namna sauti yake inavyomaliza mstari, na namna gitaa linavyouchukua mstari huo pale ulipoachwa. Koo na vidole ni vya mtu mmoja, lakini havisemi jambo moja: mara nyingi koo hulalamika, na vidole vikampa moyo. Anayesoma maneno yake tu katika daftari atamwona mlalamikaji. Anayemsikiliza mzima atakutana na mtu anayebishana na huzuni yake. Alifariki katika ajali ya gari mwezi wa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34, na hadi leo uhakiki wetu umemtendea kana kwamba aliacha maneno tu.

Wenzetu wa Marekani waliujua mapema umuhimu wa kuisikiliza ala kama msemaji. Tarehe 28 Juni 1928, mjini Chicago, Louis Armstrong alirekodi "West End Blues". Santuri hiyo ni ya dakika 3 na kitu. Inaanza kwa tarumbeta peke yake, bila ngoma wala piano, kwa muda usiofika robo ya dakika. Katika muda huo mdogo mpigaji anapanda, anashuka, anasita, na tayari tumekwisha kumjua ni mtu wa namna gani. Baadaye Armstrong anaimba bila maneno yoyote, akijibizana na klarineti. Hakuna hata neno moja la kuandika ubaoni, na bado wanafunzi wa muziki duniani huisoma rekodi hiyo kama sisi tunavyousoma utenzi. Mwaka 1959, ule ule ilipozaliwa Western Jazz, Miles Davis na wenzake walirekodi sahani iitwayo "Kind of Blue" huko New York, kwa siku mbili tu. Katika wimbo wake wa kwanza besi ndiyo inayoongoza: inatoa maneno yake, na wengine wanaitikia kwa noti mbili. Mzee wetu wa Litapunga angeutambua mtindo huo bila kufundishwa.

Hatusemi kwamba bendi zetu zilimwiga Armstrong au Davis. Twasema kwamba msikilizaji aliyejizoeza kwa hao ataisikia Tabora Jazz vizuri zaidi, na aliyelelewa na Tabora Jazz ana mlango wa kuwaingilia hao. Kinachowaunganisha ni namna ya kurekodi pia. Rekodi nyingi za bendi zetu, zikiwamo zile zilizofanywa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zilipigwa bendi nzima ikiwa chumbani kwa wakati mmoja. Hapakuwa na nafasi ya kila mmoja kurekodi siku yake na fundi kuunganisha baadaye. Ndiyo maana twazisikia pumzi, twasikia mpigaji akichelewa kidogo na wenzake wakimsubiri. Kasoro hizo ni sehemu ya ushahidi kwamba watu hawa walikuwa wanasikilizana.

Yatupasa tuwe waadilifu, maana mhakiki anayesifu kila kitu hana faida. Si kila santuri ya zamani ni njema. Ziko nyimbo nyingi zilizoiga rumba ya Kongo hata kikohozi chake. Ziko zenye vina vya kulazimisha, na ziko zinazomtupia mwanamke lawama za kila ndoa iliyovunjika, jambo ambalo mwalimu hana budi kulijadili waziwazi na wanafunzi wake. Ziko pia zilizotungwa kwa shughuli ya siku moja, zikafa na siku hiyo. NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilipiga nyimbo nyingi za kuhimiza kazi na umoja. Zile zilizodumu katika masikio ya watu zilidumu kwa sababu Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake walizipa muziki unaostahili ujumbe huo. Ujumbe usio na muziki haukudumu, hata ungekuwa mwema namna gani. Hapa ndipo tunapoona kwamba kigezo tulichokitumia katika meza ile ya waamuzi hakikuwa kikali kupita kiasi. Kilikuwa kimepotoka.

Mtu aweza kuuliza: yote haya yana haja gani kwa mwalimu wa Litapunga mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache? Twajibu kwamba hatari iliyopo si ya kanda kuoza peke yake. Kanda za redio ya taifa zaweza kuhifadhiwa kwa mitambo ya kisasa, na nyimbo nyingi za kale leo zinapatikana hata katika simu ya mkononi. Kisichohifadhika kwa mitambo ni uwezo wa kusikiliza. Huo haurithiwi ila kwa kufundishana, na mzee wa Litapunga hana mwanafunzi.

Twapendekeza somo jepesi, la kipindi kimoja, lisilohitaji zaidi ya simu na kipaza sauti kidogo. Wimbo mmoja wa bendi yoyote ya zamani usikilizwe mara tatu. Mara ya kwanza darasa lisikilize wote, bila kuandika. Mara ya pili kila kundi lipewe ala moja ya kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho: hawa besi, hawa ridhimu, hawa solo, hawa tumba. Wataona ugumu wa kuishikilia besi pale solo inapopamba, na ugumu huo ndio elimu. Mara ya tatu kila kundi lisikilize ala yao inamjibu nani, na linaponyamaza linamwachia nani nafasi. Baada ya hapo, na si kabla, mwalimu aandike maneno ya wimbo ubaoni na kuuliza: je, ala zinakubaliana na maneno haya, au zinasema jingine? Wanafunzi watakaoweza kulijibu swali hilo wataweza pia kuusoma ushairi, maana watakuwa wamejifunza kwamba maana haikai katika maneno peke yake.

Vijana wale wanne hatukuwaona tena. Yumkini wamekwisha maliza shule, na yumkini magitaa yamerudishwa stoo. Karatasi ile ya alama hatuwezi kuibadilisha sasa. Lakini tuliporudi kutoka Litapunga tulijaribu kuukumbuka wimbo wao, tukagundua kwamba beti zao mbili tumezisahau kabisa, na kwamba tungo ile fupi ya gitaa, waliyoirudia na kuibadilisha mwisho wake, tunaikumbuka yote. Walikuwa wamepiga upande wa pili wa santuri, nasi tulikuwa tumekwisha inuka vitini.